Aliyelala Nyumbani kwa Candide

Candide Irambona alikuwa mjane wa miaka hamsini na mmoja, akiishi ughaibuni, mtaa wa Fairfield, na mama yake mzazi, akihudumia wazee kwenye kituo kimoja huko Seven Hills. Agosti 2021 korona ilimpata kazini, akajifungia ndani.

Ofisa wa afya akampigia simu, mkalimani akiwa katikati. Siku hizo wageni walipigwa marufuku majumbani: nani amefika hapo nyumbani?

"Mama alikuwa amelala," alijibu Candide. "Iteka, mtoto wa dada yangu, alileta dawa, akaziacha mlangoni. Aliamka, akanywa, akalala tena."

Kesho yake polisi wawili walisimama getini na barakoa zao, wakauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: yuko wapi mwanamume aliyelala humu?

Candide alipandwa na hasira. Miaka tisa ya ujane, na leo majirani wamechungulia madirishani kumtafuta mwanamume wake! Tena Iteka ni msichana, mwanafunzi wa uuguzi; hata kizingiti hakukivuka.

Polisi walipoondoka, aliipigia simu ofisi ya yule ofisa wa afya, akadai mkalimani yuleyule. Alikuwa Mkenya, Muriuki.

"Mama, Kiswahili husema 'alileta' kwa mume na kwa mke, Kiingereza kinataka nichague mmoja," Muriuki alijitetea. "Na uliposema 'aliamka,' nilidhani bado ni Iteka."

"Ulidhani! Mdomo ulikuwa nao, mbona hukuniuliza?"

Muriuki akakiri kwamba hakuuliza.

"Basi mwambie ofisa aandike. Iteka ni msichana. Iteka alileta dawa. Iteka aliziacha mlangoni. Iteka aliondoka. Mama yangu aliamka. Mama yangu alikunywa dawa. Mama yangu alilala."

Ofisa akasema amekwisha kuelewa, hakuna haja ya kurudia jina kila mara.

"Jana sikurudia, mkaniletea polisi. Nisomee!"

Akasomewa, neno kwa neno. Kabla ya kukata simu, Muriuki alisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mama. Kosa ni langu." Candide alimsamehe.

Ofisi yenyewe haikuomba radhi, ndipo akaiandikia malalamiko. Jibu lilikuja Novemba, mistari miwili ya kushukuru kwa maoni, bahasha imeandikwa "Bwana Candide Irambona". Candide alichukua kalamu nyekundu, akakata lile "Bwana" mara tatu, akairudisha posta siku hiyohiyo.