Aliyenisomea Ubao

Miaka minne ya kwanza ya shule nilisoma kwa masikio. Macho yangu yalikuwa mabovu tangu utotoni, lakini mimi mwenyewe sikujua. Nilidhani kila mtu anauona mlima wa Mbeya kama blanketi la kijivu lililoanikwa, na kwamba watu wote hutambuana kwa mwendo na sauti. Nyumbani nilikuwa mvunja vyungu. Mama alikuwa akiniuliza, "Mwanangu, leo macho umeyaacha wapi?" Alikuwa akicheka, nami nacheka, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba swali lile lina jibu.

Aliyegundua alikuwa msichana wa nyumba ya pili. Tulikuwa tukienda pamoja shule ya misheni, mwendo wa saa nzima katikati ya mashamba ya viazi na njegere. Asubuhi moja ya ukungu niliona mzee amesimama kando ya njia. Nikainama, nikamwamkia kwa Kisafwa, lugha yetu, kwa adabu zote. Mzee hakuitikia. Nikamwamkia tena, kwa sauti zaidi. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye umande, maana nilikuwa naamkia kisiki. Alipomaliza kucheka alifuta machozi, akaniuliza, "Sasa wewe, ubaoni unaona nini?"

"Naona weupe," nikamjibu. "Mwalimu akiandika, weupe unatembea."

Nilimsihi asimwambie mtu. Niliogopa baba akisikia atasema shule ya mtu asiyeona ni ya nini, bora nibaki kulima. Akakubali. Tangu siku hiyo alihamia benchi langu, na kila kilichoandikwa ubaoni akawa ananinong'oneza sikioni, neno kwa neno, huku mkono wake mwenyewe ukiandika. Kitabu nilikuwa naweza kusoma vizuri nikikisogeza puani. Ubao ndio ulikuwa wa kwake.

Tulikamatwa darasa la tatu, siku ya mtihani wa hesabu. Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mrefu, mkali, mwenye koti moja alilolivaa mwaka mzima kwa sababu ya baridi. Aliona midomo ya rafiki yangu ikicheza. Akatusimamisha mbele ya darasa na fimbo mkononi.

"Nani anamwonyesha mwenzake majibu?"

Rafiki yangu akasema, "Simwonyeshi majibu, Mwalimu. Namsomea maswali."

"Kwani yeye hajui kusoma?"

"Anajua. Haoni."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alinipeleka mlangoni, yeye akaenda mpaka penye kengele ya shule, akanyoosha mkono. "Vidole vingapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba hata mkono siuoni. Alirudi taratibu, akaiweka fimbo juu ya meza, akalibeba benchi letu yeye mwenyewe na kulitua hatua mbili kutoka ubaoni. "Kaeni hapa, wote wawili," akasema. Kuanzia hapo akawa anaandika herufi kubwa mno, mpaka ubao ukawa unajaa kwa maneno kumi. Wanafunzi wa nyuma walinung'unika. Yeye aliendelea tu. Hata hivyo tarakimu ndogo zilinishinda, na rafiki yangu aliendelea kuninong'oneza, sasa kwa ruhusa.

Mwisho wa darasa la nne, shuleni kwetu ilipatikana nafasi moja ya msichana kwenda shule ya kati ya bweni, ya darasa la tano mpaka la nane, huko Iringa. Wa kwanza katika mtihani alikuwa yeye. Mimi nilikuwa wa pili, tena kwa macho yake.

Lakini baba yake alikuwa ameshatangulia Rujewa kulima mpunga, na akawa ameita familia yote ihamie huko. Mama yake alikuwa mjamzito, miguu imevimba, na yeye ndiye mtoto mkubwa. Mwalimu alipanda mpaka kwao kuwaomba wamwache asome. Mama mtu alimsikiliza kwa heshima, akamwonyesha miguu yake na watoto wanne wadogo waliokaa mkekani, akasema, "Mwalimu, niambie wewe, nimwachie nani?" Wiki hiyo hiyo waliondoka na mizigo yao, na nafasi ikaniangukia mimi.

Nilifika Iringa nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja. Walimu wapya walinikalisha nyuma kwa kuwa nilikuwa mrefu. Hakukuwa na mtu wa kunisomea, na mimi nikaona haya kusema. Niliamka kabla ya wengine, nikarudia masomo mpaka kichwa kikauma, na bado muhula wa kwanza nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Watu wameniambia mara nyingi kwamba nilifika nilikofika kwa akili na bidii. Muhula ule nilikuwa na vyote viwili, na vyote viwili havikuniokoa.

Aliyeniokoa ni mlezi wa bweni, mama wa Kihehe mwenye sauti nzito. Aliniona nikishona kola huku sindano karibu inanitoboa pua. Hakuniuliza kitu. Daktari wa macho alipopita hospitali ya Iringa, alinishika mkono akanipeleka, na majuma kadhaa baadaye miwani ikaja. Nilipoivaa nilimtazama yeye kwanza. Kumbe alikuwa na makovu ya ndui uso mzima, nami sikuwahi kujua. Nikageukia mikaratusi nje ya dirisha, nikaona kila jani limesimama peke yake. Nikalia. Aliniacha nilie, kisha akasema, "Basi, twende, chakula kinapoa."

Likizo ya Juni ya mwaka wangu wa mwisho, nikiwa njiani kwenda nyumbani Mbeya, nilishuka kwenye basi njia panda nikaenda Rujewa kwa miguu. Nilimkuta rafiki yangu uwanjani akipiga mpunga kwa fimbo, vumbi limemjaa mpaka kope. Alikuwa ameshakuwa mwanamke mzima. Aliniangalia, akaitupa fimbo.

"Umevaa madirisha!" akapiga kelele. Akaninyang'anya miwani, akaivaa, akayumba kama mlevi, akanirudishia upesi.

Tulipokaa kivulini nilimwambia lile lililonikaa moyoni kwa karibu miaka minne. "Nafasi ile ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu," akasema. "Nililia kutoka kwetu mpaka huku. Usidhani sikulia." Akachukua punje ya mpunga, akaimenya kwa kucha. "Ila sikulia kwa sababu yako. Halafu unafikiri nilikuwa nakusaidia tu? Kila swali nililisoma mara mbili, mara yangu na mara yako. Bila hivyo ningekuwa wa kwanza mimi?"

Akasimama.

"Haya, umesoma nini huko? Nifundishe."

Nilikaa siku tatu. Tulipiga mpunga, na tulipopumzika nikamfundisha kugawanya sehemu kwa sehemu kwa kuchora mavumbini, yeye akiwa mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa. Nilikuwa nimeshaamua kuwa mwalimu na nilijiona naweza. Nilieleza haraka haraka, kama nilivyoelezwa mimi. Alinisimamisha. "Kwa nini hii sehemu ya pili inageuzwa, namba ya chini ikawa juu?" Nikasema ndiyo kanuni. "Sijauliza kanuni. Nimeuliza kwa nini." Nikaanza tena, nikakwama, nikafuta, nikachora upya. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimepata alama nzuri kwa kitu nisichokielewa.

Tulihangaika na swali hilo siku mbili, sisi wawili, magoti chini, na mama yake akituita tuje tupepete. Siku ya tatu alilielewa yeye kwanza. Akanieleza mimi, polepole, kwa punje za mpunga, mpaka nikalishika.