Sauti Nyuma ya Pazia

Massoudi alikuwa mwosha maiti wa mtaa wa Buyenzi, na miaka ile ya vita ilimtwisha kazi isiyokwisha. Mwosha ana sharti moja lililo zito kuliko jeneza: alichokiona mwilini mwa marehemu hukifukia pamoja naye. Massoudi alilishika miaka thelathini, likamponyoka siku moja tu, mbele ya kamera.

Kamera ilikuwa ya Honoré, Mkongomani mkazi wa mtaa jirani wa Bwiza, aliyetengeneza filamu ya maisha halisi juu ya mzee huyo. Mwaka uliofuata Zubeda, mkewe Massoudi na mkata sanda wake, alifariki kwa homa. Kwa haya zake hakuacha hata picha moja. Nyumba ikabaki na mkeka, birika na mzee.

Asubuhi moja ya mwaka 2003 Honoré alimjia akihema.

"Papa Massoudi! Filamu yetu imeingia mu tano za mwisho! Zawadi kubwa ya Ulaya!"

"Alhamdulillahi. Watanipa kikombe mi nioshee maiti?"

Honoré alicheka, akampeleka kwake, akaweka kaseti. Kilibaki kipande kimoja kilichohitaji sahihi ya mzee kabla ya kuonyeshwa hadharani.

Kwenye kioo Massoudi alijiona akisimulia habari za kijana aliyekuwa na kovu la moto begani, lililofanana na jani la mhogo: ngumi zake zilikutwa zimejaa nyasi, dalili kwamba hakufa upesi. Mara, humo humo kwenye filamu, sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"We mzee, funga mudomo! Sanda nitafunga mi."

Mzee aliinamia kioo. Miaka miwili hakuisikia sauti ile ya mkewe. Ndipo akili ikamrudia: kovu lile Buyenzi nzima inalijua. Mama wa kijana ni Bi Assia, jirani yake, ambaye Massoudi alimwambia neno moja tu, nalo la kweli: "Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala." Mama yule aliliegemea neno hilo kama mkongojo.

"Ondoa kipande hiki," alisema.

"Apana, papa! Ndicho wanachokisifu wote. Na mama Zubeda yumo!"

"Huwezi kuibakiza sauti yake?"

"Imepanda juu ya yako. Ikitoka moja, zinatoka mbili."

Massoudi aliitazama karatasi ya ruhusa, kalamu mkononi.

"Rudisha nyuma. Mara moja tu."

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akairudisha kalamu, wino haujagusa karatasi.

"Futa, mwanangu. Siku ile alinikataza, nikampuuza."

Alipofika Buyenzi, Bi Assia alikuwa kizingitini akichambua maharagwe.

"Shemeji, redio inasema umekuwa vedeti, nyota wa sinema! Utatusalimia bado?"

"Redio ina maneno mengi, dada."

Msikitini palikuwa na maiti ikingoja. Massoudi alitandaza kitambaa cheupe, akakipima kwa shubiri kama Zubeda alivyokuwa akipima, akakata. Mkasi ulikwenda upande. Alisita, akatega sikio upande wa pazia alikozoea kukaa Zubeda, kisha akaendelea kukata.