Ganda la Kiinitete cha Phelista

"Sasa mnataka kutoboa mtoto na mwanga? Hata kifaranga, ukikivunjia ganda kinatoka kikiwa dhaifu."

Wekoye alikuwa amesimama katikati ya ofisi ya kliniki, Kitale, fomu ya ruhusa mkononi, kofia bado kichwani. Bibi yake Phelista alikuwa amekaa pembeni na gauni la wagonjwa, ameangalia ukuta.

Ciru wa maabara hakupandisha sauti. "Daktari, ni leza. Tunapunguza ganda kidogo tu, kiinitete kipate mahali pa kutokea kishike kwa mama. Hivi vyenu vimekaa kwa mtungi wa baridi, ganda limekuwa gumu. Viwili vya kwanza havikushika. Siwezi kuapa hiki kitashika, lakini hivyo ndio ningefanya."

Daktari ndilo jina la Wekoye kutoka Chwele mpaka Naitiri. Miaka kumi na moja anapandisha ng'ombe za watu kwa mrija wa mbegu za dume, mtungi wa baridi umefungwa nyuma ya pikipiki. Ndugu zake humchokoza: "Ndama umejaza kila boma, yako ndio imekataa?"

"Na huko ndani, mtajuaje ni chetu?"

"Jina liko kwa kisahani cha kiinitete."

"Jina," akasema, akacheka kidogo, cheko la mdomo tu.

Ni hilo lilikuwa linamkula. Mwaka juzi, kwa mzee Gicheru, mvua ikimpiga, alichomoa mrija wa dume lingine. Aliona akiwa amemaliza, akanyamaza. Ndama akatoka mwekundu, na mzee akalaumu ukoo wa ng'ombe. Na jina lilikuwa limeandikwa kwa huo mrija, tena vizuri.

Phelista akageuka. "Mzee, kwani wewe kushuku watu hivi ulifundishwa na nani? Miaka tisa kwenu naitwa Phelista tu, si mama wa mtu. Kama hutaki, sema, nivue hii gauni."

Wekoye akavua kofia.

"Nataka kuona," akamwambia Ciru.

Wakamsimamisha kwa dirisha la maabara. Ndani, watu wawili, mmoja anasoma namba, mwingine anajibu. Wekoye akaushika mkono wa bibi yake, akasoma namba ya utepe uliofungwa hapo, akaangalia ya kisahani kwa skrini ya dirishani. Akarudia. Akarudia tena.

"Huyo wa pili anaitwa nani?"

"Ngige," Ciru akasema.

Akaandika "Ngige" kwa kiganja chake. Ndio akaweka sahihi.

Phelista alipoingia chumba cha kupandikiza hakuangalia nyuma. Kwa skrini, kiduara kikapigwa mwanga kidogo pembeni, na Wekoye hakupepesa jicho mpaka kisahani kikapelekwa kwa Phelista na mlango ukafungwa.

Simu ikalia. Mama mmoja wa njia ya Suam, ng'ombe yake iko joto tangu asubuhi, inataka kupandishwa leo.

"Mwambie Phelista narudi saa kumi," akamwambia Ciru. "Na hicho kisahani msitupe. Nitakiangalia tena."

Akatoka kuwasha pikipiki.