Mbuzi Watatu wa Kivuva

Mume wangu Kivuva alikuwa na masikio mazuri kuliko mtu yeyote wa soko letu la Tulia, na mdomo mbaya kuliko wote. Sisemi alikuwa na matusi. Nasema mdomo wake haukujua kudai. Aliweza kusikia waya uliolegea ndani ya spika akiwa nje ananawa uso, lakini hakuweza kumwambia mtu aliyemfanyisha kazi kutwa nzima, "Nilipe." Nimeishi naye miaka mingi na jambo hilo limenizeesha kuliko jua.

Kazi aliijulia Nairobi, kwa fundi mmoja wa redio. Aliporudi nyumbani mwaka wa 1976 alikuja na amplifaya, mashine mbili za kuchezea santuri na sanduku la santuri ambalo hakumruhusu mtu kulikalia. Spika alizitengeneza mwenyewe kwa mbao, akazipaka rangi ya kijani. Stima haikuwa imetufikia, kwa hiyo alitumia betri za gari, na kila wiki alizipeleka Kitui mjini kuzichaji na kuzirudisha. Watu walimwita DJ hata kabla ya kujua herufi hizo zina maana gani. Mwaka huohuo akanichukua mimi kutoka kwa baba yangu, Mzee Muthama wa Matinyani.

Nasema akanichukua kwa sababu hakunioa. Kwetu Ukambani kuna ntheo, yaani mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, ambao mwanamume huwapeleka kwa baba wa msichana kabla ya mahari yenyewe. Bila hao, mnaweza kuzaa watoto kumi na bado wewe ni binti wa baba yako, na watoto ni wake pia. Kivuva aliahidi kuwapeleka mwaka ule wa kwanza. Kila alipopata kidogo, kikaliwa na betri, na sindano za mashine, na unga. Mwaka wa 1983 tulikuwa tumefikisha mbuzi wawili, njaa ya 1984 ikawaua wote. Baada ya hapo tukawa tunaishi kwa ahadi.

Na hapo ndipo ninapofika kwa Ndululu, na naomba nisamehewe sauti ikipanda.

Ndululu alikuwa na duka kubwa la sukari na mabati pale sokoni. Aliona watu wakicheza kwenye harusi aliyopigia muziki Kivuva, akatambua kwamba kucheza kunaweza kuuzwa. Akaanza disko za mchana za Jumapili. Alikodi ukumbi, akachapisha tikiti, akamweka mtu mlangoni. Vijana walikuja kwa miguu kutoka Matinyani, wengine kwa lori kutoka Kitui mjini. Jioni mwenye ukumbi alilipwa. Mwenye lori alilipwa. Mama aliyefagia alilipwa. Kivuva aliyesimama tangu saa nne asubuhi bila kukaa, akichagua wimbo baada ya wimbo ili watu wasiende nyumbani, aliambiwa, "Tutaongea." Alirudi na mkate na soda. Mara moja alirudi na kalenda ya duka la Ndululu, akaitundika ukutani akiwa amefurahi kabisa.

Nilienda dukani mwenyewe.

"Mama Kaluki," Ndululu aliniambia, huku akipima sukari ya mtu mwingine, "hiyo kazi ya bwana yako ni talanta. Mimi namjengea jina. Sasa huku kote anajulikana kwa sababu ya nani?"

"Jina halisagwi unga, Bwana Ndululu."

"Na pia si kila Sunday watu wanajaa. Ile siku ya mvua nilipata hasara, nani alinirudishia pesa yangu?"

"Ile siku ya Pasaka watu walikosa pa kusimama. Ulimwongezea ngapi?"

Akacheka kama mtu aliyesikia mzaha mzuri, akachota peremende akanipa niwapelekee watoto. Nilizila zote njiani kwa hasira.

Tena nisiambiwe kwamba hiyo biashara haiwezekani kwa njia nyingine. Kagure, mama mmoja aliyekuwa na baa kule Malili kwenye barabara ya Mombasa, alimwita Kivuva mara mbili. Kabla ya santuri ya kwanza alimkalisha chini wakakubaliana: watu wakija, utapata hizi, mvua ikinyesha malori yasisimame, utapata nusu, pamoja na nauli. Mara ya pili mvua ilinyesha kweli, wakacheza walevi wanne. Kagure akalipa nusu aliyoahidi, akampa na chai. Kivuva alirudi ameloa na anaimba. Malili ilikuwa mbali mno na lori la kubebea spika lilikula sehemu kubwa, ndiyo maana hakuendelea, lakini mimi nilijifunza kitu. Hata hasara inaweza kugawanywa vizuri watu wakiongea mapema. Ndululu yeye aligawa hasara tu, faida akakaa nayo.

Sasa mwaka wa 1987 Ndululu akaamua anataka kuwa diwani. Akawa mwenyekiti wa kila kamati. Mwezi wa nne kukawa na harambee ya zahanati, akamwita Kivuva apige muziki, na safari hii, baada ya mimi kusumbua wiki mbili, akataja kiasi mbele yangu: shilingi mia sita. Mia sita ilitosha mbuzi watatu. Nilishaanza kuwachagua kwa macho kila siku ya soko.

Harambee ilipopamba moto, Ndululu akashika maikrofoni, ile ya Kivuva, iliyonunuliwa na Kivuva, ikila betri ya Kivuva. Akasema, "Wananchi, DJ wetu ana roho safi. Pesa yake yote ya leo, mia sita, ametoa kwa zahanati. Mpigieni makofi." Makofi yakapigwa, wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akiulizwa mbele ya umati wote kama ana roho safi, atajibu nini? Kivuva alifungua mdomo, akaufunga, akainamisha kichwa kuwashukuru. Halafu orodha ya michango iliposomwa, zile mia sita zilikuwa ndani ya "Ndululu na marafiki." Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ningesema nini, Mama Kaluki?" Kivuva aliniuliza nyumbani. "Ningesema sitaki zahanati?"

Niliing'oa ile kalenda ukutani nikawashia moto.

Habari za makofi zilifika Matinyani. Baba yangu si mtu wa kelele. Alinitumia ujumbe mfupi tu: kama Kivuva ana mia sita za kutoa mbele ya watu na hana mbuzi wa kuleta kwangu, basi ameshasema anachofikiri. Mwezi wa nane ukiisha bila ntheo, nirudi na watoto. Nilidhani ni maneno ya hasira, mpaka nilipoenda kumsalimu nikakuta ameezeka upya nyumba yangu ya usichana. Nyasi zilikuwa bado zinanukia. Nilikaa mlangoni pake nikalia, kwa sababu sikutaka kurudi. Kivuva alinichosha lakini nilimpenda, na kwake ndiko nilikotaka kuzeekea.

Mwezi wa nane ukaja na harambee nyingine, ya josho la ng'ombe. Ndululu mwenyekiti, Kivuva kwenye mashine. Safari hii hakukutajwa hata kiasi. "Tutaongea." Chifu na wazee wa Matinyani walialikwa pia, na baba yangu alikuwa mstari wa mbele chini ya turubai, fimbo katikati ya magoti. Ndululu alikuwa ameleta mbuzi wanne, amewafunga nyuma ya lori lake akingoja umati uwe mkubwa ndipo awatoe kwa mnada watu wamwone. Niliwatazama. Majike wawili, na mabeberu wawili.

Kikundi chetu cha akina mama kilipoitwa, tuliingia tukiimba na mchango wetu kwenye beseni, na kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina nilipewa maikrofoni. Sikuwa nimepanga. Nilipoishika tu, mkono ukapata joto na maneno yakaja.

"Sisi kina mama tumeleta yetu," nikasema. "Lakini kabla nikae, kuna mtu hapa anaficha wema wake. Mnakumbuka Kivuva alitoa pesa yake kwa zahanati. Bwana Ndululu mwenyewe ndiye alitangaza. Sasa Bwana Ndululu amesema hawezi kuona Kivuva akiumia. Mbuzi tatu kati ya zile ziko pale kwa lori ametoa ziwe ntheo yangu. Baba yangu ndiye yule, Mzee Muthama. Mpigieni Bwana Ndululu makofi."

Nilidanganya, na sijawahi kutubu. Makofi yakapigwa, vigelegele vikapigwa. Ndululu akafungua mdomo, akaufunga, akainamisha kichwa kuwashukuru, vilevile kabisa kama alivyofanya mume wangu. Vijana wakawafungua wale mbuzi watatu wakawaburuta hadi mbele ya baba. Nilikuwa na furaha ambayo haifai kwa mtu wa kanisa.

Baba akasimama. Hakushika kamba. Akangoja mpaka watu wakanyamaza.

"Hizi mbuzi ni za nani?" akauliza.

"Za Ndululu," watu wakajibu kwa pamoja.

"Mimi, mwenye ameniletea ntheo ndiye nimempa msichana. Hakuna njia ingine." Akamgeukia mwenyekiti. "Ndululu, unataka kuoa huyu binti yangu Nthenya?"

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika Kitui mjini. Mimi sikucheka. Nilisimama na maikrofoni mkononi nikaona nilichofanya: kwa hasira zangu nilikuwa nimejiozesha kwa mtu ninayemchukia kuliko wote, mbele ya chifu. Bilha, mke wa Ndululu, aliyekuwa ameketi mbele na mkoba mkubwa mapajani, alimgeukia mumewe polepole.

"Hapana, mzee," Ndululu akasema haraka. "Ni zawadi tu. Nasaidia rafiki."

"Ntheo ya kusaidiwa sijawahi ona. Mwanaume analeta chake." Baba akaanza kuketi. "Rudisheni kwa lori."

Na Ndululu akatabasamu. Niliwaona mbuzi wakigeuzwa, niliuona mwezi wa nane ukiisha, nikaona nyasi mpya za nyumba ile ya Matinyani. Hapo nikahisi mtu ananitoa maikrofoni mkononi. Alikuwa Kivuva. Nilidhani anataka kuizima ili aibu iishe, maana huyo ndiye Kivuva niliyemjua.

Hakuizima. Aliongea kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, lakini zile spika za kijani zikaipeleka soko zima.

"Bwana Ndululu. Mimi nimekupigia disko ngapi?"

Ndululu akachezea kofia yake. "Ni nyingi, ndugu yangu. Hiyo tutaongea."

"Tuongee sasa. Umenilipa disko gani?"

Hakuna aliyecheka tena. Nadhani kila mtu pale alikuwa amewahi kuambiwa "tutaongea" na mtu fulani. Kivuva alisimama tu na kungoja, kama anavyongoja wimbo uishe kabla ya kuweka mwingine.

"Sema, bwana," Bilha akamwambia mumewe. "Ama hizo mbuzi ni za kuoa?"

"Sijamlipa," Ndululu akasema.

"Rudia," baba akasema. "Sikio yangu ya kushoto imekufa."

"Sijamlipa Kivuva. Hizo mbuzi si zawadi. Ni zake. Ni kazi yake."

Mbuzi wale hawakufika hata nusu ya kile alichostahili kwa miaka ile yote, na nilimkumbusha Kivuva hivyo mara nyingi baadaye, kila mtu alipokuja nyumbani kumwalika akianza na hadithi ya kumjengea jina. Lakini siku ile sikufanya hesabu. Nilimtazama baba akiinuka tena. Aliwapapasa mbuzi mgongoni mmoja mmoja, akamfunua beberu midomo kumtazama meno, akaishika kamba na kuizungusha mara mbili kwenye kiganja chake. Akampa Kivuva mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na moja.

Kisha akanitazama mimi.

"Nthenya," akasema, "ile nyumba niliezeka, nitaweka mahindi. Wewe nenda kwako."