Mipira ya Meno

Mume wangu alikuwa karani wa shamba la mkonge. Mzungu mwenye shamba alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia gari lake la mbio: jekundu, viti viwili, halina paa, limelala chini kama bata. Mtaa mzima ulitoka kulitazama. Mimi nilitazama magurudumu. Mipira ilikuwa imelika hadi nyuzi zinachungulia.

Masika yalikuwa yamepamba moto, na mdogo wangu anaolewa Zinga. Alikuwa ameapa mbele ya mashangazi: "Hina sipakwi na mtu ila dada. Asipofika, naolewa na mikono mitupu." Basi lilikwisha acha kupita kwa tope. Ni lile gari au miguu, nami nina mtoto wa kunyonya.

Tukaenda dukani kununua mipira. Mwenye duka alikuwa na aina mbili za kutosha gari letu. Moja laini, ina duara jeupe ubavuni. Nyingine nyeusi tupu, ina meno makubwa. Mume wangu aliishika ile nyeupe kama kashika mtoto.

"Hiyo ndiyo mipira ya gari la mbio, bwana," mwenye duka akasema.

"Mbio za wapi?" nikauliza. "Za kwenye tope?"

Alimgeukia mume wangu: "Mwambie bibi, mipira si khanga. Haichaguliwi na wanawake."

Wallahi damu ilinichemka. Nimesoma hadi sekondari, lakini kilichonitoka mdomoni kilitoka jikoni.

"Kwako mnakula mchuzi wa nazi?"

"Tunakula."

"Mbuzi ya nazi ikiisha meno, mkeo anakunia nini? Kisogo chako?"

Wateja wakaangua kicheko. Mwenye duka naye akacheka, maskini, akaishusha ya meno.

Mume wangu hakukubali bado. "Mama watoto, na kiangazi je? Barabara ikikauka meno haya yatavuma kama nyuki, na mbio zote kwisha."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilinikasirisha zaidi. "Harusi ni ya kiangazi?"

Akafikiri, akikuna ndevu. "Haya. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nyuma tutie meno. Mbele niachie nyeupe."

"Mbele litateleza."

"Kuteleza niachie mimi."

Liliteleza, tena sana. Kwenye bonde kabla ya Zinga tulikuta lori limezama hadi tumboni. Sisi tulilipita kwa ubavu, kama kaa: pua ya gari inakwenda njia yake, meno ya nyuma yanauma tope na kuturushia vichwani. Mimi namtukana mume wangu, yeye anaimba, mtoto anacheka kila tope linapompiga babake.

Mdogo wangu alichungulia dirishani mwa chumba alimofichwa. "Huyo dada yangu au mfinyanzi?"

"Lete mikono, mwana kulaaniwa we!"

Nilimpaka hina kucha zangu zikiwa bado na tope, naye akilia na kucheka, mashangazi wakipiga vigelegele. Nje, mume wangu alikuwa amechuchumaa na kitambaa, anasugua maduara yake meupe. Shangazi mkubwa akamtokea na bakuli la liwa iliyobaki baada ya kumsugua mdogo wangu ngozi.

"Chukua, mwanangu," akamwambia. "Msinge vizuri na huyu bibi harusi wako."