Nilivyoombewa Pombe Ambayo Sikunywa

Wacha niseme tu mwenyewe, maana hata nikinyamaza kuna watu Ruiru wanaoijua hii hadithi kuliko mimi: mimi Wafula, baba wa watoto wawili, mtu mzima na ndevu zangu, nilipatikana nimelala kwenye kitanda cha mama mkwe wangu, na viatu, mchana, siku ya sherehe yake. Na kama wewe ni wa kwetu Bungoma unajua vile mkwe hata kiti alichokalia mama mkwe hakikalii ovyo ovyo, sasa fikiria kitanda. Cheka kwanza umalize ndio niendelee.

Shida yenyewe ilianzia kichwani. Mimi ni fundi wa madirisha hapa Thika, na miezi minne kabla ya hiyo sherehe niliteleza kwenye ngazi nikaanguka, kisogo kikagonga sakafu ya simiti. Hospitalini picha ya kichwa ikaonyesha hakuna kitu (vijana wa karakana bado wanasema, "Wafula alipigwa picha ya kichwa ikaonekana hakuna kitu ndani"), lakini daktari akanieleza kwamba ubongo umetikisika na utachukua muda wake kutulia, kwa hivyo nipumzike, nikae mbali na kelele na mwanga mkali. Nikamwambia, "Daktari, niko na mtoto wa mwaka mmoja na nusu nyumbani." Akaniangalia kidogo, kisha akaendelea kuandika dawa.

Hiyo miezi hata sijui niielezeeje. Eli, huyo mdogo, akilia ni kama mtu anagonga mabati ndani ya sikio langu. Wambui, dada yake wa miaka minane, akiniletea homuweki nasoma mstari mmoja mara tatu na hauingii. Nilisahau kumchukua shule mara mbili. Naenda jikoni, nasahau nimefuata nini, narudi, nakumbuka, naenda tena, nasahau tena. Mke wangu Njeri ndiye alibeba nyumba yote, na juu ya hayo yote nilimwomba asimwambie mama yake. Kwa nini? Kiburi tu. Huyo mama ni mwalimu, na alichukua miaka mingi kukubali kwamba binti yake ameolewa na fundi kutoka huko mbali, na siku alipoanza kuniita "mwana wakwa", yaani mtoto wangu, niliapa sitampa sababu ya kunipokonya hilo jina.

Sasa akastaafu, familia na kanisa wakamwandalia sherehe ya shukrani kwake Ruiru, na mimi nikapewa kazi ya kusema asante kwa niaba ya wakwe. Asubuhi hiyo, tukiwa nyumbani kwetu Ngoingwa, hapa Thika, tunajitayarisha, Njeri akaniwekea miwani yangu nyeusi mezani.

"Vaa hiyo. Jua ni kali."

"Niende kwa mama na miwani nyeusi, nionekane kama mlinzi wa mheshimiwa?"

Nikaiacha pale pale mezani. Hapo ndipo nilipokosea, hayo mengine yote yalifuata tu.

Kwanza tenti ilikuwa nyeupe, jua linagonga pale linaingia machoni moja kwa moja. Pili, wakwe tulipewa viti vya heshima, na viti vya heshima vilikuwa mbele kabisa, karibu na spika (heshima gani hiyo, bado najiuliza). Emsii, yule mwendesha sherehe, alipopiga helo helo ya kwanza nikahisi meno yametingika. Kwaya ya akina mama ilipoanza, tenti ikaanza kuzunguka polepole, na Njeri hakuwa karibu, alikuwa nyuma ya nyumba anamlisha Eli. Nikasimama nitoke. Nikashika bega la mama mmoja nisiyemjua, nikalikosa la pili, nikaangukia mzee wa kanisa na soda yake yote ikaishia kwenye koti lake jeusi. Nikasema pole, lakini ulimi ulikuwa mzito, ikatoka kama "pooo". Watu wakaangaliana.

Nikaingia nyumbani kutafuta choo. Badala ya choo nikaona mlango uko wazi, chumba kina giza, pazia zimefungwa, baridi nzuri, na kitanda. Nikajiambia dakika tano tu. Chumba cha nani? Aki sikujiuliza.

Kilichoniamsha ni uzito. Akina mama walikuwa wanaleta zawadi, na katika lile giza wa kwanza alikuwa ameshaniwekea blanketi mbili na themosi tumboni kabla blanketi haijajigeuza. Wueh! Yule mama alipiga nduru, themosi ikaanguka, mwingine akawasha taa na mwanga ukaniingia kichwani kama msumari.

"Kuna mtu kwa kitanda ya Mwalimu! Ni mkwe! Mkwe amelewa!"

Nikasimama kueleza, nikayumba, nikashikilia kabati. Basi kesi ikaishia hapo. Mzee wa kanisa akaja na koti lake lililolowa, akaninusa kwa mbali (mimi nanuka ile soda yake), akaniuliza kwa upole, "Kijana, ni pombe?"

Nilikuwa na njia mbili. Nieleze ngazi, kisogo, ubongo, miezi minne, wote wamenizunguka wanaongea kwa pamoja, ama niseme neno moja waninyamazie. Kichwa kikiuma hivyo, neno moja ni tamu sana.

"Ndio," nikasema.

Nilifikiri wataniacha. Kumbe ndio tulikuwa tunaanza. Walinishika mikono hadi tentini, wakanipigisha magoti kwenye nyasi mbele ya wageni wote, wakaniwekea mikono kichwani, na mmoja wao akabonyeza pale pale kwenye kisogo. Maiki ikaletwa.

"Sema, naacha pombe."

"Naacha pombe."

"Kwa sauti!"

"NAACHA POMBE!"

Watu wakapiga makofi, kinanda kikalia, na mimi nikainua macho nikamwona mama mkwe, amevishwa maua shingoni, anaangalia viatu vyake. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko mkono wa kisogoni.

Halafu nikaona kigauni cha Wambui. Alikuwa anavuta koti la mzee.

"Baba hanywi pombe. Alianguka akagonga kichwa. Daktari alimkataza kelele." Maiki ilikuwa hapo karibu, kwa hivyo ilisikika mpaka kwa majirani. Na hakuishia hapo. "Hata hunisahau shule. Na juzi alilia jikoni akifikiri tuko nje."

Hapo heri ningebaki mlevi.

Mama mkwe akainuka. "Zimeni hiyo spika." Akaja akasimama mbele yangu, mimi bado magotini.

"Tangu lini?"

"Miezi minne, mama."

"Na Njeri anajua?"

"Nilimkataza kukwambia."

Akanitazama vile nadhani aliwatazama watoto wa darasa lake. "Mtoto akianguka uwanjani akaniambia hajaumia, huyo ndiye nilikuwa namwangalia siku nzima. Mwana wakwa, simama polepole. Rudi ulale."

"Wapi, mama?"

"Pale pale, wapi tena!"

Nilikataa katakata, hata kwa kupigwa. Wakaniwekea godoro stoo kati ya magunia ya viazi, akaja mwenyewe akaziba dirisha kwa leso. Sherehe ikaendelea bila spika. Kwaya iliimba kwa sauti ya chini, na kupitia ukutani ilikuwa tamu, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja tangu nianguke. Jioni mzee wa kanisa akaja kuniaga. "Pole sana," akasema. Nami nikamwambia pole ya koti.

Sasa hivi kila Jumamosi mama mkwe huja Ngoingwa kuchukua watoto, nyumba inanyamaza, Njeri naye analala kidogo. Mama alininunulia daftari niandike kazi za siku, na akija analipitia na kalamu nyekundu (juzi nilipata "jitahidi"). Kichwa bado kinauma, lakini siku nzuri zimeanza kuzidi zile mbaya. Mwezi uliopita niliweka dirisha zima, mwenzangu juu kwenye ngazi, mimi chini napima.

Siku hiyo mwenye nyumba aliniuliza mbona nimekaa chini katikati ya kazi. Nikamwambia niliumia kichwa, bado kinapona. Akaenda akazima redio yake bila kuambiwa, akaniletea maji. Nilibaki pale na glasi mkononi nikifikiria miezi minne yote ile, na kumbe ilikuwa ni maneno machache tu hivyo.

Kwa hivyo sirudii tena. Kunyamaza, namaanisha. Kuhusu kile kitanda hata sihitaji kuapa.