Mwaka Mikayi Alipokataa Kupanda

Mwezi jana, mvua za masika zilipokuwa zimeanza tu, niliwapeleka wanangu na mama yao Kit Mikayi. Huenda unalijua jiwe lile, au umelipita tu ukielekea Bondo: mawe makubwa yaliyopandana kilimani, na ukifika juu siku isiyo na ukungu unaliona ziwa limetulia kule chini. Siku hizi kuna lango, kibao, na kijana wa kuongoza wageni mwenye fulana safi. Alitusimulia hadithi ya jiwe vizuri. Kit Mikayi maana yake jiwe la mke wa kwanza. Zamani mzee mmoja alilipenda jiwe hili hata akawa anashinda humo kutwa, mkewe akawa anamletea chakula, na watu wakimuuliza yule mama mumewe yuko wapi, anajibu ameenda kwa mke wake wa kwanza. Wanangu walicheka, wakapiga picha. Mimi sikucheka, maana kuna mahali katika hadithi hiyo nilikuwa napangoja, na kijana alipapita bila kusimama.

Mimi, rafiki yangu, nilikulia chini ya jiwe hilo, kwa nyanya yangu. Jumapili mchana pale palikuwa petu. Waumini wenye kanzu nyeupe waliingia kwenye ufa wa jiwe kusali, na nje tulisikia nyimbo zao zikitoka kama zinaimbwa ndani ya mtungi. Mle ndani kulikuwa na baridi, harufu ya mishumaa, na maji yaliyodondoka hata wakati wa kiangazi. Sisi watoto tulitelezea kwenye jiwe moja laini mpaka kaptura zikatoboka matakoni, na tukirudi nyumbani tunalaumu miiba. Familia za Kihindi kutoka mjini zilikuja na vikapu, zikatandika mikeka kivulini, zikafungua chapati na bhajia, na chupa za chai ya tangawizi. Harufu ile ilitufikia kabla ya salamu. Wala hawakuwa wachoyo. Mtoto aliyejua kusimama karibu bila kuomba alirudi na kitu mkononi.

Msimulizi wa jiwe alikuwa nyanya. Hakuna aliyemteua, alijiteua kwa mdomo wake. Alifunga leso kiunoni, akasimama mbele ya wageni na Kiswahili chake cha kuokoteza, akaigiza mzee, akaigiza mke, akaigiza mpaka jiwe lenyewe. Watu walicheka hadi wakajifuta machozi. Jambo moja tu wageni hawakulijua: huyu mama aliyesifu jiwe la mke wa kwanza alikuwa mwenyewe mke wa pili. Mke wa kwanza wa babu alikuwa ng'ambo ya ua, nyumba yake ikitazama lango la boma kama desturi inavyotaka. Hatukumwita jina. Tulimwita Mikayi, yaani mke wa kwanza, basi. Alikuwa mrefu, mkimya, na akikutazama unakumbuka hujanawa miguu.

Babu alikuwa amekwisha kufa, lakini taratibu zake zilibaki zikitembea. Kwetu hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya Mikayi. Mvua ikishalowesha udongo, anaamka peke yake alfajiri, anavua viatu, anapanda mistari yake michache, kisha anarudi akipita mbele ya kila mlango na miguu yake yenye matope. Hasemi neno. Ukiona matope yale, unachukua jembe lako.

Mwaka ninaousema, nyanya alinogewa. Wageni walikuwa wengi, kicheko kimekolea, akaongeza chumvi. Akalipiga jiwe kofi akasema, "Munaona hii? Hivi ndio bibi mukubwa iko. Nzito, baridi, haisongi. Na bado chakula lazima upelekee yeye mupaka mulangoni!" Watu wakavunjika mbavu. Jirani yetu mmoja alikuwepo akiuza ndizi, na jirani huyo hakuwa mtu wa kulala na neno. Kabla jua halijatua neno lile lilikuwa limefika ng'ambo ya ua, bado la moto.

Mikayi hakugomba. Laiti angegomba! Wiki ile mvua ilinyesha vizuri, udongo ukanukia, vyura wakaanza kelele zao. Asubuhi tukachungulia mlangoni. Hakuna matope. Siku ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Alikuwa amekaa barazani kwake akichambua maharagwe, miguu mikavu. Baba yangu mdogo akatumwa kumuuliza kama ni mgonjwa. Akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi si ni jiwe? Jiwe halipandi."

Hapo ndipo kicheko kilipokwisha nyumbani kwetu. Mahindi ya majirani yalichomoza, yakawa kijani ukiyaona toka njiani, na shamba letu likaanza kuota magugu. Ghala lilikuwa limebakiza mtama na mahindi kidogo. Tulikula nyoyo, yale mahindi ya kuchemsha na maharagwe, kila siku mahindi yakipungua. Baba mdogo akapandwa na hasira. "Mama, tupande tu! Hayo ni mambo ya kitambo. Mvua haijui nani ni bibi wa kwanza." "Nikimruka leo," nyanya akasema, "kesho nani atatufungulia mavuno? Hii boma itakuwa ya nani?" Aliogopa chira, ile laana inayofuata mwenye kuvunja miko, lakini nadhani aliogopa zaidi ua ule, kuuvuka kila siku macho yakiwa chini.

Alinituma kwa Mikayi na bakuli la omena ya kukaanga, vidagaa vya ziwani. Nikarudishwa nalo, limefunikwa vizuri kama lilivyokwenda. Akanituma na sukari. Ikarudi. Nyanya hakula usiku huo. Ulimi hauna mfupa, aliniambia, lakini huvunja mfupa.

Jumapili iliyofuata ikaja familia ya mjini iliyokuwa ikija mara kwa mara, safari hii na bibi yao mzee sana, amevaa sari nyeupe, anatembea kwa kushikwa. Wakamkalisha juu ya mkeka, wakamgeukia nyanya wakingojea mchezo. Nyanya akafungua leso kiunoni. Kisha akaniita kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia: "Kimbia umuite Mikayi. Mwambie wageni wamekuja kuona jiwe lake, na mimi hadithi yake siijui."

Nilikimbia. Mikayi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaingia ndani, akaoga, akavaa gauni la kanisani, akajipaka mafuta usoni, na mimi nimesimama nje nikikanyaga mguu huu na huu. Tulipopanda kilima hakuharakisha hata kidogo.

Hakuigiza kitu. Alisimama tu na mkono juu ya jiwe. "Mzee alipenda hapa kwa sababu hapa hakuna mtu wa kumuuliza alikuwa wapi," akasema, na wanaume wa mjini wakacheka kidogo. "Bibi wa kwanza ni ule wa kungoja. Ukikuja, yuko. Usipokuja, yuko." Kisha akamgeukia nyanya. "Lakini iko mama alibeba chakula kila siku, kwa jua, kwa mvua. Hadithi imesahau jina yake. Nyinyi musisahau yeye. Bila yeye huyo mzee angekufa njaa hapa na jiwe yake."

Nyanya aligeuka akajifuta pua kwa leso. Yule bibi mwenye sari, ambaye sikujua kama alikuwa anafuata, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hata sisi iko hivyo," akasema. "Bibi ya kaka kubwa shika funguo. Lakini chapati nani pika? Mimi!" Wakacheka wote watatu, wazee wale, kicheko cha watu wanaojuana, na wageni wengine wakabaki wakitazamana.

Kesho yake alfajiri niliamshwa na nyayo. Mikayi alipita mbele ya mlango wetu, matope mpaka vifundoni. Nyanya alikuwa ameshika jembe tayari. Nadhani hakuwa amelala. Tulichelewa, na mavuno yalikuwa haba, tukamalizia mwaka kwa viazi vitamu. Sikumbuki njaa. Nakumbuka wake wenza wawili wakipalilia mistari iliyopakana, wakisengenya jirani wa ndizi.

Wamelala sasa, kila mmoja upande wake, na nyumba zao zimeanguka. Tulikwenda huko bomani tulipotoka kwenye jiwe. Trekta niliyoikodi ilikuwa imelima, mvua imelowesha, udongo unanukia vilevile. Naweza kupanda siku yoyote nitakayo na hakuna wa kunizuia, na hilo, rafiki yangu, ndilo lililoniuma kuliko makaburi. Nilisimama na mfuko wa mbegu nikitazama ng'ambo ya ua ambako hakuna mlango tena.

"Baba watoto, unangoja nani?" mke wangu akauliza.

Nikampa mbegu. "Anza wewe," nikamwambia. "Lakini vua viatu."